Sauti Isiyo na Mwenyewe

Hospitali, wodi ya wanawake
4 Machi

Kwa Shangazi,

Shikamoo.

Mimi ndiye yule aliyekupigia simu juzi ukamkatia. Sikulaumu. Mtu asiyekujua akikupigia asubuhi na kuanza kuuliza habari za familia yako, hata mimi ningekata. Mimi ni mwanasaikolojia wa wodi hii, na naandika kuhusu binti wa marehemu kaka yako, uliyemlea wewe tangu mchanga, ambaye anasema nyumbani mlimwita Kimya. Ameniruhusu kukuandikia, na barua hii ameisoma kabla sijaifunga.

Mkwe wako, mume wa Kimya, anasema alikueleza kwa kifupi tu, kwa hiyo acha nieleze yote. Kimya alikuwa nyumbani na mtoto wake wa miezi mitano, mume yuko kazini. Mtoto alilia chumbani tangu asubuhi mpaka karibu adhuhuri. Kimya alikuwa sebuleni anashona. Jirani uvumilivu ulimshinda, akaingia bila kubisha hodi, akamkuta mtoto amebanwa kati ya kitanda na ukuta, mkono umevimba na sauti imemkauka. Mtoto yuko salama sasa, yuko kwa bibi yake, mama wa mume. Jirani alipomuuliza Kimya kama hakuwa anamsikia mwanawe, alijibu neno ambalo limeandikwa juu kabisa ya faili lake: "Nilimsikia. Lakini nilijua hakuna mtu."

Ugonjwa wa akili, Shangazi, hauonekani kwenye damu. Damu tumepima, ila ni kwa ajili ya kuondoa mengine: homa ya uzazi, tezi ya shingo, upungufu wa damu. Vyote safi. Masikio pia yamepimwa, na anasikia kuliko mimi. Kilichobaki ni maneno, ya kwake na ya watu waliomjua kabla hajaumwa. Mimi naongea naye kila asubuhi, naangalia anavyokaa, anavyofikiri, anavyokumbuka, anavyolala. Lakini mtu hawezi kujiona kisogo. Ndiyo maana nakuhitaji.

Tarehe 22 Aprili ofisi ya ustawi wa jamii itakaa kuamua kama mtoto atarudi kwa mama yake au atabaki kwa bibi. Wataamua kwa kufuata kile jopo la hospitali litakachoandika, na jopo litaandika kwa kufuata kile nitakachowaletea. Bibi wa mtoto ameshasema mjukuu wake hatalelewa na kichaa. Naomba uniambie: alikuwa mtoto wa namna gani? Je, katika ukoo wenu kuna mtu aliyewahi kuumwa hivi?

Kwa heshima,
Mwanasaikolojia


Nyumbani
12 Machi

Kwako Daktari wa Vichwa,

Marahaba. Najua utasema wewe si daktari wa sindano. Basi vumilia, huku kwetu anayekaa hospitali na kalamu tunamwita daktari.

Nitajibu kwa sababu umeandika kwa adabu. Simu siipendi. Simu unaongea na mtu hujui nani kakaa pembeni yake anatafuna maneno yako. Barua angalau unaisoma, unaikunja, unaiweka chini ya kitambaa.

Katika ukoo wetu hakuna kichaa. Andika hivyo kwa wino mzito. Mama yake Kimya, yaani wifi yangu, alifariki kwa uzazi. Baba yake, kaka yangu wa damu, alifariki kwa ajali ya gari binti akiwa bado shuleni. Nikabaki naye mimi. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na naishi peke yangu. Sikuolewa, na kabla hujauliza, hilo nalo si ugonjwa.

Kimya alikuwa mtoto wa kuazimwa. Majirani walikuwa wanasema, "Tuazime huyo wako, tumfundishe adabu huyu wetu." Hapigi kelele, hakimbii ndani, hamsumbui mteja. Akiwa na miaka saba alikuwa anapiga pindo lililonyooka kuliko la fundi niliyekuwa nimemwajiri. Nyumba yangu haikuwa ya watu kuingia na kutoka. Wateja nilikuwa nawapima barazani, si ndani, kwa hiyo binti hakukulia kwenye zogo. Labda mtoto wake mwenyewe amemchosha. Wazazi wapya wote huchoka. Mwacheni alale, mpeni chakula, mrudishieni mwanawe. Kulea si mchezo wa kuigiza hata jopo likae kutazama.

Shangazi


Hospitali, wodi ya wanawake
18 Machi

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Asante kwa barua, na kwa kunichekesha siku ambayo nilikuwa sina cha kuchekea.

Naomba nikueleze kazi inavyokwenda, maana naona unadhani tumekaa hapa tukimtafutia binti yako jina baya. Kuna mwongozo tunaoufuata. Unasema dalili hii iwepo, na ile iwepo, kwa muda fulani, na iwe imemzuia mtu kuishi maisha yake. Hatuangalii dalili moja tukapiga muhuri. Mtu asiyelala anaweza kuwa na huzuni, au ana deni, au ana mtoto mchanga. Kazi yangu ni kuuliza mpaka nijue ni lipi kati ya hayo, na kulitoa moja moja lisilohusika.

Kimya anajua siku, anajua alipo, anajua kilichotokea. Haongei ovyo. Analia akimtaja mtoto, analia kweli, si kilio cha kuonyesha watu. Nilikuwa naanza kufikiri ni huzuni ile inayowapata baadhi ya wanawake wakishajifungua. Kisha nikafika kwenye swali ambalo namuuliza kila mgonjwa: "Umewahi kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii?"

Alijibu ndiyo bila hata kusita. Alisema tangu akiwa mdogo kabisa. Sauti ya mwanamke inayoita, "Mwanangu, njoo." Akaniambia pia, kwa upole kama anayeniondoa hofu, kwamba anajua haipo, kwa sababu wewe ulimwambia haipo.

Uliwahi kumwona akiwa na hali hiyo?

Kwa heshima,
Mwanasaikolojia


Nyumbani
25 Machi

Kwako Daktari,

Kumbe ni hilo tu. Ungeniuliza mapema nikuondolee wasiwasi.

Ni kweli alikuwa anasikiasikia vitu. Watoto ndivyo walivyo, mwingine anaongea na ukuta, mwingine anampa paka chakula wakati paka hayupo. Huyu alikuwa anageuza kichwa, anauliza nani ananiita. Nikamwambia hakuna mtu. Akiuliza tena namwambia tena. Sikumpiga, sijawahi kumpiga mtoto yule hata siku moja, Mungu ni shahidi. Nilikuwa namshika kidevu taratibu, namgeuzia uso kwenye kitambaa, namwambia shona. Mpaka alipoanza shule alikuwa ameshazoea. Sauti ikija, hata hashtuki.

Kwa hiyo waandikie wenzako kwamba jambo hili ni la zamani, halikuletwa na kuzaa, na wala halijawahi kumdhuru mtu. Nilimtibu mwenyewe bila kidonge. Naona hilo litamsaidia.

Uniandikie mara moja jopo likisema anarudi kwake. Nimeshamshonea mtoto magauni, na watoto wa umri huo hawamsubiri fundi.

Shangazi


Hospitali, wodi ya wanawake
31 Machi

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa na uchungu, na sitauficha.

Barua yako niliisoma mbele ya jopo, kama ninavyopaswa. Daktari wa magonjwa ya akili anayeliongoza ni mtu mtaratibu, si mtu wa kukurupuka. Alisikiliza, akavua miwani, akasema basi picha imekamilika: sauti tangu utotoni, mlezi amethibitisha, hali imezidi baada ya kujifungua, na sasa mtoto ameumia. Wakaandika jina la ugonjwa ambalo likishaingia kwenye faili ni vigumu kutoka. Dawa zimeanza. Kwa sababu ya dawa hizo hawezi kumnyonyesha mtoto, hata wakimletea. Ulidhani unamsaidia, nami nilidhani hivyo. Lakini sasa ilivyo, tarehe 22 mtoto hatarudi.

Mimi peke yangu sikutia sahihi. Niliomba siku kadhaa kwa sababu kuna jambo halinikai.

Mtu akiniambia anasikia sauti, naendelea kuuliza. Inatoka ndani ya kichwa au nje? Kimya anasema nje. Upande gani? Ukutani, nyuma ya kabati la vitambaa, kwenye chumba chako cha kushonea. Shuleni aliisikia? Hapana. Njiani? Hapana. Tangu aolewe na kuhamia kwake? Hajaisikia hata mara moja. Shangazi, mtu akihama nyumba, ugonjwa wa akili anahama nao. Haubaki nyuma ya kabati.

Kisha nikamuuliza swali ambalo halimo kwenye mwongozo. Nikamuuliza, sauti ilipokuwa ikiita, Shangazi alikuwa anafanya nini? Akafikiri, akasema: "Alikuwa anakanyaga cherehani kwa nguvu zaidi."

Niliweka kalamu chini. Sauti isiyo na mwenyewe humfikia mgonjwa peke yake. Mtu wa pili chumbani haisikii, kwa hiyo hana sababu ya kuipigia kelele. Kama hakukuwa na sauti, cherehani ilikuwa inafunika nini?

Swali hili naweza kulijibu kwa kukisia, lakini jopo halipokei kukisia kwangu. Linapokea neno la mtu aliyekuwepo. Ukisema kulikuwa na mtu, lile jina litafutwa, dawa zitasimamishwa, na nitaweza kusimama mbele ya ustawi wa jamii nikasema huyu mama hajawahi kusikia kisichokuwepo. Alifundishwa kutoamini kilichopo.

Nani alikuwa anaita?

Mwanasaikolojia


Nyumbani
7 Aprili

Daktari,

Cherehani ni yangu, nimeinunua kwa jasho langu, nitaikanyaga nipendavyo.

Wewe ni mtoto mdogo. Umesoma, hongera, lakini hujawahi kusimama mlangoni na kichanga cha mwenzio mkononi na watu nje wanasubiri wapate la kusema. Kuna maneno nilimwahidi mtu ambaye sasa yuko kaburini. Aliye kaburini huwezi kwenda kumwomba akufungulie ahadi.

Usiniandikie tena.

Shangazi


Wodi ya wanawake
10 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mwanasaikolojia amesema umemkataza kukuandikia, basi naandika mimi. Mwandiko wangu utausamehe. Dawa zinanikausha mdomo na kunitetemesha vidole. Jana nimejaribu kutunga uzi kwenye sindano, nikaishia kuurudisha kwa muuguzi. Wewe ungecheka. Ungesema fundi mzima anashindwa na tundu.

Nataka nikuambie siku ile ilivyokuwa, maana nimewaambia wote hapa isipokuwa wewe. Nilimlaza mtoto, nikakaa kushona. Kilio kikaanza. Mwanzoni niliinua kichwa. Halafu nikafanya kama tulivyokuwa tunafanya, nikarudisha macho kwenye kitambaa, nikasubiri kiishe. Sikuwa na hasira naye wala sikuwa nimechoka. Nilikuwa nimetulia, Shangazi, nimetulia kabisa, na hicho ndicho kinachonitisha. Blauzi ililowa kifuani nikadhani nimejimwagia chai. Yalikuwa maziwa. Maziwa yalimsikia mtoto, mimi nikawa bado nafikiria kama yupo.

Hapa wodi ya jirani kuna watoto. Mmoja akilia namuuliza muuguzi, "Unasikia?" Ananijibu nasikia, nasikia. Sasa nimekuwa nauliza kila kitu. Bomba likidondosha maji, nauliza. Kengele ya chakula, nauliza. Wamenipa jina, wananiita Bi Unasikia, na mimi nacheka nao, lakini usiku nikilala peke yangu sina wa kumuuliza, basi nakaa na hofu mpaka nipitiwe na usingizi.

Nimekuwa nikikumbuka mkono wako kwenye kidevu changu. Haukuwa mkono wa ukali. Nilikuwa naupenda, kwa sababu ndio wakati pekee ulipokuwa unanigusa tukiwa kazini.

Sikuulizi ni nani. Nakuapia sitauliza. Nataka jambo moja tu. Kama nilikuwa nasikia kitu ambacho hakipo, basi mimi ni mgonjwa, nitameza dawa bila kubisha na mwanangu atalelewa na bibi yake, na mimi mwenyewe nitaridhia, kwa sababu simwamini mama wa namna hiyo. Lakini kama na wewe ulikuwa unasikia, niambie.

Umenilea vizuri. Nikitoka hapa au nisitoke, hilo halibadiliki.

Mwanao,
Kimya


Nyumbani
13 Aprili

Daktari,

Mlete. Njooni Jumatano mchana, wakati watu wako makazini. Asije mume, asije mama mkwe. Ukifika wewe utakaa chumba cha kushonea, huko ndani ataingia na mimi.

Utanisaidia kusogeza kabati. Peke yangu sina nguvu hizo tena.

Shangazi


Nyumbani
18 Aprili

Mwanangu Daktari,

Umenitaka niandike kwa mkono wangu mwenyewe, ili yafike kwa jopo kabla ya tarehe 22. Nilikuwa nimekupa majibu kwa mdomo siku ile mlipokuja, lakini umesema mdomo hautiwi sahihi. Haya.

Wifi yangu hakufariki. Alijifungua salama, akakaa wiki mbili vizuri, kisha usingizi ukamtoka. Hakulala hata lepe. Akawa anasema mtoto si wake, wake amebadilishwa, na kwamba maji yatamrudisha yule wa kwanza. Kaka yangu akamkuta kisimani, mtoto amemshika kwa mguu, kichwa kiko chini. Alimpokonya. Hakuna jirani aliyeona, na kaka yangu akasema hakuna atakayeona. Binti akijulikana mama yake ni kichaa nani atamwoa, nani atamtuma hata dukani? Tukasema amefariki. Tulifanya msiba bila maiti, kwa kuwaambia watu amezikwa kwao. Kwao tukawaambia amezikwa kwetu. Kwao ni mbali sana, hawakuja.

Tulimweka chumba cha nyuma, mlango wake unatokea chumbani kwangu. Mlango wa upande wa pili, ule wa chumba cha kushonea, tukauziba kwa kabati. Tulisema ni mpaka apone. Hayo ndiyo tuliyosema, na mimi niliamini. Lakini apone nani amwone? Hakuna aliyekuja kumpima kama amepona, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba yupo. Mwaka wa pili alikuwa anaongea kama mimi na wewe. Anauliza hali ya hewa, ananisahihisha bei za vitambaa. Nilimwambia kaka yangu, wifi ameshapoa huyu. Akaniambia, na msiba je? Utawaambia watu kafufuka? Halafu akafa yeye, ikawa siri yangu peke yangu, na siri ikikaa sana unaizoea kama kidonda cha mguu, unajifunza kutembea nayo.

Sikumtesa. Naandika hili si ili mnionee huruma. Nilimwogesha, nilimsuka, nilikula naye sahani moja. Kila siku nilimpa sare za zamani afumue mishono, na kazi yake ni safi, hajawahi kunichania kitambaa. Jambo moja tu hakuliacha. Akisikia sauti ya binti upande wa pili, alikuwa anamwita. Mimi nikawa nakanyaga cherehani.

Yule daktari mwenzako aliyekuja jana na wauguzi kumpima wifi, alikaa naye muda mrefu, kisha akakaa na mimi. Nilimuuliza ulikuwa ugonjwa gani. Akasema anavyoelekea kuamini, ni ule unaowapata wanawake wachache baada ya kujifungua, ni wa hatari lakini unatibika, wengine hupona baada ya wiki chache wakipata dawa. Alilisema taratibu, kwa heshima. Afadhali angenipiga kofi. Wiki chache, mwanangu. Na mimi nilikuwa nadhani ninatunza kichaa, kumbe nilikuwa nimefungia mtu mzima.

Watanipeleka kunakohusika, umeniambia sheria inakulazimu kutoa taarifa, na nimekuelewa. Sina ugomvi na wewe. Ila ulibaki kule kwenye cherehani na mlango ukiwa umerudishwa, kwa hiyo hukuona kilichotokea ndani, na binti ameshindwa kukuambia. Acha nikuambie mimi, kisha utajua ni kwa nini naandika hivi leo.

Tulipoingia, wifi alikuwa amekaa kitandani, amenipa mgongo, anafumua kwapa la shati. Alisikia nyayo za mtu wa pili. Hakugeuka. Aliita tu, kama anavyoita siku zote, hata hakupaza sauti: "Mwanangu, njoo."

Nilimtazama Kimya. Alinitazama mimi kwanza, ananitazama usoni, na mimi nikajua anachongoja. Mkono wangu, Daktari, mkono huu ninaoandikia, ulianza kuinuka kwenda kwenye kidevu chake. Nikaushusha. Ndipo akaitika. Akasema, "Abee, mama."

Nilidhani wifi ataruka. Nilidhani atalia, atamkumbatia, nilishajiandaa. Hakufanya lolote. Aliinamisha kichwa, akarudi kwenye mshono wake, akaendelea kufumua. Kimya akaitika mara ya pili, kwa sauti zaidi, akamsogelea mpaka akawa karibu kumgusa. Wifi akafumba macho. Alikuwa anatikisa kichwa kidogo kidogo, namna ile ya mtu anayejiambia tulia, itapita.

Kisha akafumbua macho, akanitafuta mimi. Binti yake amesimama pale pale mbele yake, na yeye ananitazama mimi. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa aibu, kama anayeomba nisimcheke: "Wifi, na wewe umesikia?"

Nilimjibu. Na jopo nalo liandikieni jibu lile lile, na muandike kwamba aliyelisema ni mimi, nikiwa na akili zangu timamu.

Nimesikia. Siku zote nilikuwa nasikia.

Shangazi